Mbwa Mweupe wa Bukini

Kutoka kisiwa cha Bukini, katika bandari ya Toliara iliyo upande wa kusini-magharibi, ndiko alikopata asili na jina mbwa mdogo mweupe aitwaye Coton de Tuléar, ambaye shirikisho la wafugaji wa mbwa la kimataifa, Fédération Cynologique Internationale, lilimtambua rasmi katika miaka ya 1970, na ambaye masimulizi yanadai kuwa wahenga wake waliogelea hadi pwani merikebu yao ilipozama, ingawa masimulizi hayo hayakubaliani hata juu ya karne. Hayo yamekwisha kuandikwa sana. Lililonishughulisha mimi ni nywele zake.

Nywele hizo, zenye urefu wa sentimita nane hivi na ulaini wa pamba iliyochambuliwa, humfunika mnyama asiyezidi kilo sita. Bibi mmoja wa Kimalagasi, ambaye kazi yake ni kuwakogesha na kuwachana mbwa hawa, alinieleza kwa ihtimamu kubwa kwamba nywele kavu hazichanwi kamwe, kwani hukatika. Hunyunyizwa kwanza maji kidogo, zikagawanywa matabaka kwa vidole, kisha shanuo la chuma likapitishwa tangu ngozini hadi nchani. Apigaye brashi juu juu, alisema, hufurahia weupe unaong'aa, ilhali nyuma ya masikio, makwapani na chini ya ukosi nywele zimekwisha kushikamana, zikiivuta ngozi kila mbwa anapopiga hatua. Fundo hufunguliwa kabla ya kuoga, maana maji hulikaza. Taabu huzidi mtoto akaribiapo mwaka mmoja, manyoya ya utotoni yanapopukutika na kunaswa ndani ya yale mapya. Wakati huo kuchana ni kila siku, bila udhuru. Na mwenyewe asiyeweza, bibi huyu humnyoa mbwa wake nywele zikawa fupi, wala haoni haya, kwa kuwa kwake raha ya mnyama yatangulia ulimbwende.

Je, nywele hizi zilikuwa hivi tangu zamani za Toliara, au ni mikono ya wafugaji iliyozirefusha? Nilimwuliza; akaendelea kuchana.

Tabia ya mbwa huyu ni ya mahaba: husimama kwa miguu ya nyuma kuomba kutazamwa, humfuata bwana wake chumba hata chumba, na akiachwa peke yake kutwa huingiwa na jitimai. Aghalabu huishi miaka kumi na minne au zaidi, nayo ni miaka mingi ya shanuo.

Lakini wamo watoto wanaozaliwa na maradhi ya ubongo ya kurithi, wasioweza kusimama wala kutembea maisha yao yote, na wazazi wanaobeba kasoro hiyo huonekana wazima kabisa. Kipimo cha jeni kipo. Basi, msomaji, kabla ya kutoa fedha yako, mtake mfugaji akuonyeshe majibu ya kipimo hicho, ya baba na ya mama pia.