Taa ya Flashi Inawaka Ukifungua Imeili? Angalia Haya Kwanza

Ni asubuhi Garissa, na foleni kwenye duka lako la wakala karibu na Soko Mugdi bado ni fupi. Unafungua Outlook ili upate taarifa ya miamala ya jana. Mara taa ya flashi uliyoisahau kwenye kompyuta inaanza kupepesa. Ukiichomoa, Outlook inalalamika kwamba haioni diski E. Unajiuliza: ni virusi, ama kuna mtu anachota data za wateja wangu?

Tulia kwanza. Mara nyingi sababu ni ya kawaida, lakini usiipuuze.

Kwa nini hutokea

Kwanza, faili ya barua zako, ile inayoishia na .pst, huenda iliwekwa kwenye flashi. Hii hutokea sana mtu akihamisha barua kutoka kompyuta ya zamani. Pili, Outlook inaweza kuwa imepangiwa kuhifadhi barua za kitambo huko, na hufanya hivyo yenyewe kila baada ya siku kadhaa. Ndiyo maana unashtukizwa. Tatu, antivirusi inaweza kuwa inakagua flashi wakati huohuo.

Jinsi ya kuhakikisha

Ndani ya Outlook, bonyeza File, halafu Account Settings, kisha Data Files. Ukiona njia inayoanza na E: au F:, umepata jibu.

Kama hakuna, andika resmon kwenye sehemu ya kutafuta ya Windows, ufungue ukurasa wa Disk. Hapo utaona programu gani inagusa faili gani. Ikiwa ni programu usiyoijua, ruka hadi sehemu ya hatari hapa chini.

Jinsi ya kurekebisha

1. Funga Outlook kabisa. Usichomoe flashi ikiwa bado wazi, faili inaweza kuharibika.
2. Nakili faili ya .pst hadi folda ya Documents kwenye kompyuta.
3. Toa flashi kwa njia salama.
4. Fungua Outlook. Ikisema haioni faili, ielekeze kwa ile nakala mpya.
5. Barua zikionekana zote, ndipo ufute ile ya kwenye flashi.

Wakati wa kushtuka

Mafolda ya flashi yakigeuka kuwa shortcut, au faili usizozijua zikijitokeza, hiyo si Outlook. Mwaka 2008 kirusi cha Conficker kilianza kusambaa duniani, na flashi zilikuwa mojawapo ya njia zake. Hadi leo, flashi inayozunguka saiba hadi saiba inaweza kubeba maradhi. Kata intaneti, kagua kompyuta kwa antivirusi, kisha badilisha nywila ya imeili ukitumia kifaa kingine kilicho salama.

Kwa nini tunakwambia haya

Taarifa ya miamala ina majina, namba za simu na kiasi cha pesa. Flashi ikipotea kwenye matatu ya kwenda Dadaab, siri za wateja zimeenda nayo. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka anayetunza data za watu azilinde. Mteja akitaka kuprinti, muombe akutumie kwa imeili badala ya kuchomeka flashi yake.

Na PIN? Usiiandike popote: si kwenye imeili, si kwenye flashi, wala kwa daftari. Ibaki kichwani mwako.