Baruapepe ya Ubaoni

Mazoezi ya ualimu yaliwahi kunifikisha Nyaramba, katika kaunti ya Nyamira, kumkagua mwanagenzi aliyekuwa akifunza Kiswahili katika kidato cha tatu. Somo la siku hiyo lilikuwa utungaji wa baruapepe. Mwanagenzi yule, kijana nadhifu mwenye sauti ya kusikika, alichora mstatili mkubwa ubaoni, akatueleza kwamba hicho ndicho kiwambo cha kompyuta, kisha akaandika ndani yake: Kutoka, Kwa, Tarehe, Mada. Wanafunzi wakanakili kwa utiifu. Baadaye, alipokuwa akisahihisha, alimpunguzia msichana mmoja alama kwa kuwa hakuandika tarehe. Msichana akainua mkono, akauliza kwa adabu: "Samahani mwalimu, tarehe si huandikwa na kompyuta yenyewe?"

Darasa likanyamaza. Mwanagenzi akanitazama mimi niliyeketi nyuma na fomu yangu ya tathmini. Nami, acha niungame, nikainamisha uso. Mimi ndiye niliyemfunza kijana yule kufunza hivyo.

Msichana alikuwa amesema kweli tupu. Mtu anapotunga ujumbe katika programu ya baruapepe, iwe Outlook au Thunderbird, hujaza anwani ya mpokeaji, anwani za wanaopelekewa nakala ikiwa wapo, na mada. Kisha huandika ujumbe wenyewe. Anwani yake imo tayari tangu akaunti ilipowekwa humo. Tarehe na saa hutiwa na programu, bila ya yeye kuulizwa. Sisi walimu basi twatoa alama kwa kazi ya mashine, na kazi ya mwanafunzi hatumfunzi.

Sura hii ya baruapepe ina asili yake. Mnamo 1971 Mmarekani Ray Tomlinson alituma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao wa ARPANET, akaichagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine yake. Waliomfuata waliazima mpangilio wa memo ya ofisini. Hata zile herufi "cc" zinazosimamia nakala ni kumbukumbu ya karatasi ya kaboni iliyopachikwa baina ya kurasa mbili kwenye taipureta. Karani yeyote wa zamani angezitambua papo hapo. Baruapepe, kwa hiyo, ni mjukuu wa memo. Sisi tumeilea kama mtoto wa barua rasmi, na ndiyo maana katika madaftari ya Nyaramba nilikuta sanduku la posta limeandikwa juu kulia, mada chini yake, na baada ya maamkizi neno KUH likifuatwa na mada ile ile kwa mara ya pili. (Jina lenyewe bado twalizozania: huyu asema barua pepe, yule barua meme, mwingine mdahilishi. Ugomvi huo wanaisimu tunaupenda mno, ila haujamsaidia mwanafunzi hata mmoja kutuma ujumbe.)

Kazi iliyo ngumu ni nyingine. Ni kuandika mada ya maneno manne au matano ambayo mtu mwenye shughuli nyingi ataisoma na kujua anaombwa nini. Ni kuamua nani apate nakala na nani asipate. Ni kupata kimo cha lugha. Mtoto aliyelelewa katika Ekegusii amefunzwa kwamba mkubwa huamkiwa kwanza na kuulizwa habari za nyumbani, haja ikafuata polepole. Mtoto huyo huyo, ashikapo simu, hurusha maneno yaliyokatwa vichwa na miguu. Kati ya ngazi hizo mbili hatujampa ya tatu, na hiyo ya tatu ndiyo baruapepe inayoidai.

Nami sisemi haya kwa ajili ya mtihani tu. Kijana amalizapo kidato cha nne huhitaji anwani ya baruapepe ili apate nambari yake ya kodi katika mfumo wa iTax, na akitaka mkopo wa HELB ataihitaji tena. Hapo ndipo aendapo kwa mhudumu wa saiba, ambaye humfungulia akaunti, humbunia jina, na aghalabu hubaki na nywila. Nimewapokea chuoni wanafunzi wenye akaunti wasizoweza kuzifungua. Kila muhula hunifikia ujumbe usio na mada, usio na salamu wala jina la mwandishi, ila kiambatisho tu kinachoning'inia.

Najua nitakavyojibiwa: shule haina kompyuta za kutosha, na intaneti ni ghali. Ni kweli. Hata hivyo, programu hizi za kompyuta ya mezani zilizaliwa katika uhaba kama huo. Watumiaji wa Eudora, programu ambayo Steve Dorner aliiandika katika Chuo Kikuu cha Illinois mnamo 1988, waliweza kutunga barua zao kwa utulivu bila kuunganishwa popote. Barua zilikaa katika kasha la zinazosubiri kutumwa, hata modemu ilipounganishwa kwa dakika chache zikaondoka zote kwa pamoja. Thunderbird, ambayo hupatikana bila malipo, ingali na uwezo huo: mtu huiweka nje ya mtandao, huandika, huchagua kutuma baadaye, na barua humngoja.

Hayo ndiyo niliyomweleza mwanagenzi wangu alasiri ile, tukiwa tumeketi nje ya ofisi ya walimu. Alikuwa na kipakatalishi chake. Tukaafikiana afungue akaunti moja ya darasa, kila mwanafunzi aje kwa zamu aandike barua fupi kwangu na kutia jina lake mwishoni, na zote zisubiri humo.

Kazi hiyo ilichukua siku nane, kwa kuwa wengi hawakujua herufi ziko wapi kwenye kibodi, na umeme ulipotea mara mbili. Siku ya tisa mwanagenzi aliunganisha mashine na simu yake. Jioni hiyo, nikiwa Nairobi, nilipokea barua 38. Sita hazikuwa na mada. Nne zilikuwa na sanduku la posta. Mvulana mmoja aliniamkia kwa mistari saba, kisha nafasi ikamwishia, au labda zamu.

Barua ya msichana yule ilikuwa ya thelathini na moja. Mada: Kuulizia tarehe. Ndani aliandika: "Mwalimu, shikamoo. Barua hii nimeiandika Jumanne lakini itatumwa siku nyingine. Naomba uniambie kompyuta imeandika siku gani."

Ilikuwa imeandika Jumanne. Nilimjibu usiku ule ule, nikamtajia na saa.