Bukavu: Muteja anatafuta kwa picha, mushonaji naye aonekane namna gani?

Katika maatelye ya kushona ya Kadutu, Ibanda na Bagira, kuna jambo moja lisilokosa kila siku. Muteja anaingia na kikwembe chake mukononi, anafungua simu, anaonyesha picha na kusema: « Mama, unishonee kama hii. » Hajui modeli ile inaitwa aje, na hana haja ya kujua. Picha imesema yote.

Siku hizi simu zenyewe zimejifunza kazi hiyo. Mutu anapiga picha ya nguo aliyoiona kanisani ao kwenye arusi, anaiingiza katika programu kama Google Lens ao Pinterest, na kisha dakika isiyotimia anaona nguo zinazofanana nayo, pamoja na kurasa za wale wanaozitengeneza ao kuziuza. Haandiki hata neno moja.

Swali kwa akina mama na vijana washonaji wa muji wetu ni hili: kati ya zile nguo zinazotokea, zetu zimo? Mara nyingi hazimo. Sababu si kwamba hatujui kushona. Sababu ni kwamba picha zetu tumezifungia ndani.

Yote yalianzia kwenye nguo

Mwezi wa pili mwaka wa 2000, mwimbaji Jennifer Lopez alifika kwenye sherehe ya zawadi za Grammy, kule Marekani, akivaa nguo ya kijani ya nyumba ya Versace. Watu wengi sana wakaenda kuitafuta katika Google. Lakini wakati ule Google ilikuwa ikitoa maandishi tu, na watu walitaka kuona nguo. Eric Schmidt, aliyekuwa mukubwa wa kampuni hiyo, alieleza baadaye kwamba nguo hiyo ndiyo iliwasukuma kuanzisha utafutaji wa picha, uliofunguliwa mwaka wa 2001.

Baadaye Pinterest na Google zikapiga hatua ingine: badala ya kuandika neno ili upate picha, unatoa picha ndiyo ikutafutie. Mwezi wa kumi 2024, Google ilitangaza kwamba Lens inapokea karibu miliare 20 za maulizo kila mwezi, na kwamba moja kati ya matano yanahusu mambo ya kununua. Hilo ni soko kubwa kuliko masoko yetu yote.

Programu inafanya nini? Inatazama umbo la nguo, rangi, maua ya kikwembe, mikono ya libaya, shingo, hata maandishi yaliyo kwenye picha. Inageuza yote kuwa hesabu, kisha inalinganisha na picha zilizo wazi kwenye intaneti. Kwa mushonaji asiyeandika Kifaransa vizuri, hapo ndipo kuna faida: kazi ya mikono yake inaweza kujisemea mbele ya muteja wa Kinshasa, Nairobi ao Bruxelles asiyejua Kiswahili.

Kwa nini picha za WhatsApp hazitoshi

Wengi wetu tunatangaza kazi kwa statut ya WhatsApp. Ni vizuri, sababu jirani na rafiki wanaona. Lakini kisha saa 24 statut inapotea, na ilionwa tu na wale walio na namba yako. Picha iliyo ndani ya kikundi cha WhatsApp nayo ni vilevile: Google haiingii humo. Ni sawa na kutundika nguo nzuri chumbani na kufunga mulango, kisha kulalamika kwamba wapita njia hawanunui.

Ili picha ionekane, inapaswa kuwekwa mahali wazi. Kuna njia zisizolipishwa:

1. Konti ya biashara ya Pinterest. Kila picha inawekwa na kichwa, maelezo mafupi na njia ya kukufikia.

2. Ukurasa wa biashara kwenye Google, ule unaoonekana pia kwenye ramani. Google inaomba uhakikisho kwamba biashara iko kweli, na mara nyingi inataka video ya mahali pa kazi. Andaa kibao chenye jina la atelye, mashini zako na barabara mbele ya mulango.

3. Ukurasa wa Facebook ulio wazi kwa wote, tofauti na konti yako ya binafsi.

Popote unapoweka picha, weka pia njia fupi ya WhatsApp: wa.me/243 ikifuatwa na namba yako bila sifuri ya mwanzo. Muteja akiibonyeza, anafika moja kwa moja kwako.

Picha inayotafutika

Simu ya kawaida inatosha. Toa nguo inje asubuhi ao jioni, jua lisipokuwa kali. Itundike ao ivalishwe mbele ya ukuta wa rangi moja. Nguo moja, picha moja. Ukipanga nguo sita pamoja, programu haijui itazame gani. Piga mbele, nyuma, na karibu kwenye mushono ao urembo. Kama picha inapaswa kupita WhatsApp kufika kwa yule atakayeiweka kwenye mutandao, itume kama dokima, sababu WhatsApp inapunguza ubora wa picha za kawaida.

Kisha ipe jina. Simu inaandika tu IMG na namba nyingi. Badilisha iwe « robe-pagne-mariage-bukavu ». Picha inaangaliwa pamoja na maneno yaliyo karibu nayo. Kwa hiyo andika chini yake, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na kama kuna mwenye kukusaidia, kwa Kiingereza pia: ni nguo gani, ya kikwembe gani, inashonwa siku ngapi, bei inaanzia wapi, na muji wa Bukavu, RDC. Maneno hayo ndiyo yanaambia muteja wa mbali kwamba uko wapi.

Mega zina bei na umeme unakatika. Usijaribu kuweka picha mia kwa siku moja. Picha tatu nzuri kila juma zinakaa na kuendelea kukutumikia miezi mingi, wakati statut ya jana imeisha kufa.

Mutego wa picha za wengine

Hapa tuseme ukweli kati yetu. Maatelye mengi yanachukua picha za modeli za Lagos ao Abidjan na kuziweka kama kazi yao. Zamani haikujulikana. Leo muteja anaweza kutafuta picha hiyo na kuona kurasa zingine zilizoiweka mbele yako. Akiona hivyo, haaminiki tena kwake hata nguo uliyoishona kweli. Na yule ndugu wa Ulaya ambaye aliwahi kutuma malipo ya mbele kisha akakosa nguo, siku hizi anahakikisha picha kabla ya kutuma dola moja.

Jambo hilo linakulinda wewe pia. Andika jina la atelye kwa herufi ndogo pembeni mwa picha. Mara moja kwa mwezi, tafuta picha zako mwenyewe kwa Lens, uone kama kuna mutu anazitumia kudanganya watu.

Linda na usalama wako. Zima alama ya mahali katika kamera ya simu, usionyeshe nyumba yako wala sura za watoto, na uombe ruhusa kwa bibi-arusi kabla ya kuweka picha yake.

Kuonekana si kuuza

Tangu Goma, mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu, mwezi uliofuata, zilipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, benki zilifunga milango na viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vikasimama. Wateja wengi walihama ao walipunguza matumizi. Ndiyo sababu muteja wa mbali ana maana leo kuliko jana, na ndiyo sababu pia kumufikia ni vigumu.

Mwambie mapema njia ya malipo, iwe M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, na nani anabeba bei ya usafiri. Mupe orodha ya vipimo anavyopaswa kuchukua. Mutumie picha ya nguo yake ikiwa nusu, kisha ikiwa tayari. Usikubali siku ambayo huwezi kutimiza, hasa kama mufuko utapita Ruzizi kuelekea Kamembe ao kupita ziwa.

Na usisahau kutumia chombo hiki kwa kazi ya kila siku. Muteja akileta picha isiyoonyesha mugongo wa nguo, itafute: mara nyingi utapata modeli inayofanana, ikiwa imepigwa kwa nyuma. Akileta kipande cha kikwembe kisichojulikana, kipige picha, unaweza kupata jina lake, kabla hujakata na mukasi.

Anza na nguo moja. Ile unayojivunia zaidi, iliyotundikwa sasa hivi kwenye atelye yako ikingoja mwenyewe aje kuichukua. Muombe ruhusa, itoe inje ungali na mwanga, na uipige picha kabla haijaondoka.