Lori la Jeshi na Vipuri Vyake

Mji wa Bukavu hauna reli. Zamani gari la moshi lilitoka Kalundu, karibu na Uvira, likaenda mpaka Kamanyola, chini ya milima, likaishia hapo. Chumvi, saruji, vitambaa na mabati vilipandishwa mjini kwa malori. Reli ile imekwisha kufungwa, lakini malori yapo bado. Wenyeji huyaita kamio.

Barabara itokayo Bukavu kwenda Kamanyola hupita Ngomo. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni shimo, na njia ni nyembamba yenye kona nyingi. Katika njia ya Shabunda shida ni nyingine: ni tope la msitu. Lori la kawaida husukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Mvua ikinyesha, huzama mpaka tumboni, na wasafiri hulala njiani. Kwa sababu hiyo, katika nchi zenye barabara mbaya, wafanyabiashara wamependa tangu zamani kununua malori yaliyotengenezwa kwa ajili ya askari, jeshi likiisha kuyaacha.

Lori linalojulikana sana kati ya hayo ni GMC la Marekani. Lilitengenezwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, tangu mwaka 1941 hata 1945, na idadi yake ilipita 500,000. Lina mipira kumi, na moteri ya silinda sita inayotumia esansi. Ekseli zake ni tatu, na zote tatu zaweza kuzungushwa na moteri. Mahali pasipo barabara hubeba tani mbili na nusu. Mwaka 1944, kuanzia Agosti mpaka Novemba, maelfu ya malori yalipita Ufaransa mchana na usiku, yakipeleka esansi, risasi na chakula kwa majeshi. Madereva wengi wa safari hizo walikuwa Wamarekani weusi. Vita vilipokwisha, Wamarekani hawakuona faida ya kuyarudisha yote kwao kwa meli. Mengine walipewa majeshi ya nchi nyingine, na jeshi la Ubelgiji lilipata mengi. Mengine yaliuzwa kwa raia.

Kununua lori la namna hiyo ni rahisi kuliko kulitunza. Kiwanda hakilitengenezi tena. Basi vipuri, au piesi kama wasemavyo mafundi wa Kongo, vitatoka wapi?

Kwanza hutoka katika lori lililokufa. Huwekwa nyuma ya garaji juu ya mawe, bila magurudumu, na mtu asiyejua hudhani ni takataka. Kumbe ni ghala! Leo hutoa dinamo, kesho radieta, mwezi ujao usukani. Jambo hili lawezekana kwa sababu jeshi lilitaka hivyo tangu mwanzo. Fundi wa vitani hana nafasi ya kupiga tupa kila kipande mpaka kikae. Kwa hiyo kila kipande kilipewa namba, na vitabu vyenye picha na namba hizo viligawiwa kwa mafundi. Fundi mwenye kitabu huweza kuagiza kipande kwa namba tu, hata katika nchi ambayo lugha yake haijui.

Hata hivyo kuna mtego. Malori mawili ya GMC yakisimama pamoja yaweza kufanana kama mapacha, lakini ekseli zao si moja. Viwanda viwili vilizitengeneza. Katika ekseli za namna moja, tumbo la chuma lililo katikati limegawanyika vipande viwili, vilivyofungwa pamoja kwa bolti. Katika namna ya pili, tumbo hilo ni duara la kipande kimoja. Meno ya ndani ya namna moja hayaingii katika nyingine. Kwa hiyo fundi mwenye akili hulala chini ya lori na kutazama, kabla ya kutoa fedha yake.

Kuna vitu ambavyo fundi aweza kujitengenezea. Karatasi ngumu ikikatwa vizuri huzuia mafuta yasivuje. Springi iliyovunjika hupata lama kutoka lori lingine. Lakini breki si mahali pa kubahatisha.

Breki za GMC hufanya kazi kwa mafuta. Dereva akikanyaga, mafuta hupita katika vibomba mpaka kila gurudumu, na huko husukuma vikombe vidogo vya mpira. Mafuta haya ni ya namna yake. Yakikosekana, watu wengine hutia mafuta ya moteri. Siku ya kwanza breki hukamata vizuri, na dereva hufurahi. Lakini mafuta ya moteri huvimbisha mpira na kuulainisha. Baada ya siku chache vikombe hunasa au huvuja. Mguu wa dereva hufika chini, na lori haliko sokoni Bukavu. Liko Ngomo, na abiria wameketi juu ya mizigo.

Kosa la pili ni kuzima moteri mteremkoni ili kuokoa esansi. Katika lori hili moteri ndiyo inayousaidia mguu kukaza breki. Ikizimwa, msaada huo huisha upesi, na mguu wa mtu peke yake hautoshi kuzuia tani nyingi za mzigo. Dereva mwema hujaribu breki zake juu kabisa, kabla ya kona ya kwanza. Hutia gia ndogo na kuiacha moteri ilizuie lori. Akisimama, msaidizi wake huruka na kuweka gogo mbele ya gurudumu, upande wa mteremko.

Siku hizi malori mengi ya Kivu hutumia mazutu, na mengi yametoka Japani au Ulaya yakiwa yamekwisha kutumika. Hayo nayo hupata vipuri kutoka kwa wenzao waliokufa, na namba hutazamwa vilevile.

Hata mzoga uliokwisha kuvuliwa kila kitu hautupwi. Mipira hukatwa viatu. Mhunzi huja kuchukua lama za springi, kwa sababu chuma chake ni kigumu, akazitia motoni na kufua mapanga na majembe.