Dunia ni Mapito, Lakini Deni Je? Mtazamo wa Uislamu Kuhusu Maisha ya Dunia

Msibani, watu wakiwa wamekaa mkekani wakisubiri jeneza litolewe, hakosekani mtu wa kusema kuwa dunia ni mapito, na wenzake huitikia kwa kichwa. Maneno hayohayo huambiwa pia mtu aliyekwenda kudai fedha zake: asijisumbue na mali, kwani dunia yenyewe ni mapito. Leo tunataka kuangalia Uislamu unakusudia nini hasa unaposema kuwa maisha ya dunia ni ya kupita, na kama mdaiwa huyo anaweza kupata hifadhi nyuma ya mafundisho hayo.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kimelipata neno dunia kutoka neno la Kiarabu dunya, ambalo asili yake ni maana ya ukaribu. Maisha ya dunya ni yale yaliyo karibu, yaliyo mbele ya macho yetu sasa hivi, na mkabala wake ni Akhera, yaani maisha ya baadaye na ya mwisho. Sisi tumezoea kuita dunia hata ardhi tunayoikanyaga, bahari na milima, na hapo ndipo baadhi ya watu wanapochanganyikiwa. Qur'ani Tukufu huita ardhi kwa jina lake, ardhi, na haiilaumu popote, bali huitaja kuwa ni miongoni mwa ishara za uwezo wa Mwenyezi Mungu. Kinachotahadharishwa ni namna mwanadamu anavyoishi na hayo yaliyo karibu naye hadi akasahau kuwa kuna mengine.

Mfano ambao Qur'ani inaurudia zaidi katika suala hili ni wa mvua na mimea. Tunaukuta katika aya ya 24 ya Surat Yunus, aya ya 45 ya Surat al-Kahf na aya ya 20 ya Surat al-Hadid. Mvua inanyesha, mimea inachipua na kustawi, kisha inakauka na kuwa mabua yanayopeperushwa na upepo. Mkulima yeyote anaujua mwendo huo. Lakini katika Surat Yunus kuna jambo la ziada: wenye shamba walikuwa wameshaamini kwamba sasa mavuno yamo mikononi mwao, na amri ya Mwenyezi Mungu ikaja wakati huo huo, usiku au mchana. Kosa halikuwa kulima.

Aya ya Surat al-Hadid inayataja maisha ya dunia kwa mambo matano: mchezo, pumbao, pambo, kujifakharisha, na kushindana kwa wingi wa mali na watoto. Allama Tabatabai, katika tafsiri yake ya al-Mizan, amenukuu kauli ya Sheikh Bahai kwamba mambo hayo matano yanafuata hatua za umri wa mwanadamu. Mtoto hushughulishwa na mchezo, anayebaleghe na pumbao, kijana na mapambo na mavazi, mtu mzima na fahari ya cheo na nasaba, na mzee na kuhesabu mali na watoto. Kwa hiyo mzee anayemcheka kijana kwa kupenda nguo nzuri, naye yumo katika aya hiyohiyo, sehemu ya mwisho.

Surat al-Kahf, kuanzia aya ya 32, inasimulia kisa cha mtu aliyekuwa na bustani mbili za mizabibu zilizozungukwa na mitende, katikati yake mashamba ya nafaka, na mto ukipita ndani. Aliingia bustanini akasema kwamba hadhani kama mali ile itaangamia kamwe. Mwenzake, ambaye alikuwa na mali na watoto wachache zaidi, hakumwambia aikate mizabibu wala aigawe bustani yote. Alimlaumu kwa kutomtaja Mwenyezi Mungu na kutokiri, pale alipoingia, kwamba yote ni kwa matakwa na nguvu Zake. Bustani ilipoteketea, tajiri yule alibaki akipindua viganja vyake kwa kusikitikia kile alichokigharimia.

Wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki wana ushahidi wa jambo hili jirani kabisa. Mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga utenzi wa Al-Inkishafi akiyatazama magofu ya Pate, katika visiwa vya Lamu. Pate ulikuwa mji wa matajiri, wenye majumba ya mawe yaliyowashwa taa usiku. Mshairi aliyakuta ni makazi ya popo. Tunachokipenda zaidi katika utenzi huo ni kwamba haukutungwa kuwasuta wafu wa Pate. Anayehojiwa ni moyo wa mshairi mwenyewe.

Je, basi Muislamu ajitenge na dunia? Jibu tunalipata katika kisa kilichopokewa katika Nahjul Balagha, kitabu cha hotuba, barua na semi za Imam Ali (AS) kilichokusanywa na Sharif Radhi. Imam alikwenda Basra kumzuru sahaba wake, Alaa bin Ziyad, aliyekuwa mgonjwa. Alipoiona nyumba yake kubwa alimuuliza anaifanyia nini hapa duniani, na hali ataihitaji zaidi Akhera. Kisha akamwonesha njia: akirimu wageni humo, aunge udugu na atoe haki za watu. Hapo Alaa akamshtakia ndugu yake, Asim, aliyevaa joho la sufi na kuipa dunia kisogo. Imam aliamuru aitwe, na huyu ndiye aliyekaripiwa kwa ukali zaidi, kwa sababu hakuwahurumia mke na watoto wake. Ndugu wawili, kikao kimoja: mwenye nyumba kubwa alielekezwa namna ya kuitumia, na aliyekimbia dunia aliamriwa arudi kwa familia yake.

Mtume Muhammad (SAW) mwenyewe alilala juu ya mkeka hadi ukamwachia alama ubavuni. Masahaba walipotaka kumtandikia kitu laini, alijifananisha na msafiri aliyepumzika kidogo kivulini mwa mti kisha akaondoka zake. Hata hivyo, msafiri hataondoka kwa heshima ikiwa amechukua cha mtu njiani.

Sasa turejee kwa mdaiwa wetu. Kitabu hichohicho kinachoyaita maisha ya dunia mchezo na pumbao, aya yake ndefu kuliko zote, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandika madeni. Inaagiza deni liandikwe, liwe dogo au kubwa, pamoja na muda wake, kwa mwandishi mwadilifu na mashahidi, na watu wasichoke kuandika. Aya za mirathi katika Surat an-Nisaa nazo zinakariri kuwa warithi wanagawana baada ya kutekelezwa wasia na kulipwa deni. Ni kweli kwamba aya ya 280 ya Surat al-Baqara inataka mdaiwa aliyekwama apewe muda hadi apate wasaa, lakini Mtume ameuita ucheleweshaji wa mtu mwenye uwezo kuwa ni dhulma.

Imepokewa pia kwamba jeneza lililetwa kwa Mtume ili alisalie, akauliza kama maiti ana deni. Alipoambiwa kuwa anadaiwa dinari chache na hakuacha cha kulipia, aliwataka masahaba wamsalie wenyewe. Abu Qatada alipojitolea kubeba deni hilo, ndipo Mtume akamsalia. Baadaye, Waislamu walipopata wasaa wa mali, Mtume alitangaza kwamba atakayekufa na deni bila ya kuacha cha kulilipa, yeye ndiye atakayemlipia.

Na wanaobaki nyuma je? Saad bin Abi Waqqas aliugua sana akiwa Makka, akadhani anakufa. Alikuwa na mali nyingi na binti mmoja tu wa kumrithi, akataka kutoa sadaka thuluthi mbili za mali yake. Mtume alimkatalia. Akataka nusu, akakataliwa tena. Alipotaja thuluthi alikubaliwa, huku akiambiwa kwamba hiyo nayo ni nyingi, na kwamba kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu. Saad hakufa kwa maradhi yale. Aliishi miaka mingine mingi, akapata na watoto wengine.