Kidonda cha Kinywa Kisichopona

Kila mama anayelowesha mihogo ndani ya maji anajua kazi ya chachu. Haionekani kwa macho, lakini inageuza chakula pole pole. Mungu Muumba wetu ameweka ndani ya miili yetu vitu vinavyofanya kazi ya namna hiyo. Vinaitwa vimeng'enya. Ndivyo vinavyogeuza sukari ya chakula iwe nguvu za kutembea, kulima na kuimba.

Nyama nzima ya mwili huchoma sukari kwa msaada wa hewa tunayovuta. Kansere ina desturi nyingine. Katika miaka ya 1920, Otto Warburg, mtaalamu wa Ujerumani, aliona kwamba nyama ya kansere hula sukari nyingi na kuichachusha, hata hewa ikiwa tele. Inatoa asidi ile ile iliyo ndani ya maziwa yaliyochacha.

Kimeng'enya kimoja cha kazi hiyo kinaitwa laktate dehidrojenase, kwa kifupi LDH. Chembe za mwili zikivunjika, kinatoka na kuingia katika damu na mate. Kwa wagonjwa wa kansere ya kinywa, kipimo cha LDH mara nyingi kinapanda, na uvimbe ukienea kinaweza kupanda zaidi.

Mtu atauliza: Basi, munganga si apime damu yangu tu, aniambie kama nina kansere? Hapana. LDH inapanda pia malaria inapovunja chembe nyekundu za damu, ao maini yakiwa na ugonjwa. Tena kansere ikiwa ingali ndogo, kipimo kinaweza kuwa cha kawaida. LDH ni kama moshi. Ukiuona kwa mbali, unajua kuna moto, lakini hujui kama ni nyumba inayoungua ao ni mtu anayesafisha shamba. Kwa hiyo mwenye hesabu kubwa asikate tamaa, na mwenye hesabu ndogo asijidanganye.

Shahidi wa kweli ni kidonda chenyewe. Munganga anatia dawa ya ganzi, anakata kipande kidogo cha nyama, nacho kinatazamwa kwa mikroskopi. Wengine wanaogopa wakisema kisu kitaamsha ugonjwa. Sivyo. Kinachoua ni kungoja. Kansere ndogo ya ulimi inaweza kuondolewa yote, na mgonjwa akarudi nyumbani kula na kusema. Lakini ikishuka mpaka shingoni, kazi ya kuiondoa inakuwa ngumu sana.

Angalia kinywa chako mbele ya kioo, mahali penye mwanga. Uje hospitali ukiona mambo haya:

1. Kidonda kisichopona kwa majuma 3, hata kama hakiumi.
2. Alama nyeupe ao nyekundu isiyofutika, katika ulimi, shavu ao ufizi.
3. Uvimbe wa kinywani ao shingoni unaoendelea kukua.
4. Jino linalolegea bila sababu, ao shida ya kumeza.

Usitie dawa kali ya kuunguza juu ya kidonda. Usifiche kinywa kwa haya, wala usiache kuja ibadani kwa sababu ya harufu. Na ninyi wengine, msimkimbie ndugu mwenye ugonjwa huu, maana kansere haiambukizi kwa kula pamoja naye.

Je, tunaweza kujikinga? Ndiyo. Tumbako ni adui mkubwa wa kinywa, ikivutwa ao ikitafunwa. Pombe nayo inaharibu, hasa ile kali kama lutuku. Na mtu anayetumia vyote viwili anajiongezea hatari kuliko anayetumia kimoja. Anayeacha leo anapunguza hatari yake, hata kama amevuta miaka mingi.

Mama mwenye akili hangoji nyumba yote iungue ndipo aite majirani. Ukiwa na kidonda cha majuma 3, usingoje cha nne. Njoo kikiwa kingali kidogo.