Roland Garros: udongo mmoja, zawadi sawa

Mkazi wa Hai Mauna mjini Juba, aliyezoea vumbi jekundu la barabarani, huenda akashangaa kusikia kwamba Roland Garros ya mjini Paris, moja ya mashindano manne makubwa ya tenisi duniani, huchezwa juu ya vumbi pia. Vumbi hilo ni matofali yaliyosagwa na kutandazwa kwa unene wa milimita chache tu juu ya tabaka la chokaa.

Hapo mpira hupungua kasi na kudunda juu zaidi kuliko kwenye nyasi. Nguvu pekee haitoshi. Mchezaji huhitaji pumzi na subira. Mpira huacha pia alama, na mwamuzi hushuka kitini kuikagua panapozuka ubishi.

Wanaume hucheza hadi seti tano, wanawake hadi tatu. Tofauti hiyo ilitumiwa kwa miaka mingi kutetea malipo yasiyo sawa. Tangu mwaka 2007, hata hivyo, wanawake na wanaume hupokea fedha sawa katika kila raundi. Kwa maneno mengine, kinacholipwa ni hatua aliyofikia mchezaji, si saa alizokaa uwanjani.